Mbao Chini ya Tao

14 Januari

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Ukiitikia kwa sauti huko peke yako watu watadhani umechanganyikiwa, kwa hiyo itikia moyoni, yatosha. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto limeamua kujitegemea. Mimi nikitaka kwenda, lenyewe linataka kukaa. Mbuzi mweupe amezaa mapacha. Jirani yangu bado yu hai na bado anapiga soga. Miwani uliyonitumia imefika na ndiyo ninayoandikia. Nimegundua nyumba yangu ni chafu kuliko nilivyokuwa najua.

Baba yako hajambo? Nauliza kila barua, na kila barua wewe unajibu "anakusalimu". Mimi namjua mdogo wangu. Tangu azaliwe hajamsalimu mtu kwa hiari yake.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Tumepata padre mpya, kijana mwenye sauti nzuri na viatu vikubwa. Siku ya kwanza tu alitaka nimzungushe kanisani, maana aliambiwa mimi ndiye mfagiaji, mfua vitambaa vya altare na mwenye funguo. Akauliza kwa nini nguzo ya kushoto ni nene kuliko ya kulia. Nikamweleza kwamba ya kushoto ilijengwa na watu wa ng'ambo ya mto, ya kulia na watu wa huku, na kila upande ulijiona unajua kujenga kuliko mwenzake. Akauliza vioo vya madirishani, vile vya kijani na kahawia. Nikamwambia ni vitako vya chupa, tulivikusanya tukiwa watoto. Mawe ya msingi tuliyabeba kichwani kutoka mtoni, mimi na jiwe langu kichwani na baba yako mgongoni. Kanisa lile lilijengwa polepole sana, mwanangu. Msingi uliwekwa baba yako akinyonya, na tao kubwa la kutenganisha waumini na altare alilijenga yeye mwenyewe, ameshakuwa fundi mwenye ndevu.

Hapo chini ya tao padre alisimama, akaangalia juu, akauliza, "Mama, hizi mbao ni za nini?"

Watu wengi wanadhani ni pambo. Zimepakwa chokaa kila mwaka, na Krismasi tunazitundikia maua. Lakini ni kiunzi, zile mbao za kushikilia matofali wakati tao linajengwa. Chokaa ya kujengea ikikauka, kiunzi hutolewa. Hiki hakikutolewa. Padre akachukua kisu, akachoma ubao mmoja, kikazama mpaka kwenye mpini. Mchwa wamekula zote.

Baraza la kigango limekaa. Padre anasema mbao lazima zitoke, na kwa vile hakuna anayejua kama tao litasimama bila mbao, litavunjwa na badala yake itawekwa boriti ya zege. Nimemwomba asubiri. Nimemwambia mwenye tao yupo hai, aje alivue mbao mwenyewe. Amekubali kusubiri mpaka mwisho wa Mei.

Mlete baba yako. Usimwambie nimeomba mimi, atakuwa mgumu kama gogo. Tafuta njia, wewe ni fundi cherehani, umezoea kubana na kulegeza.

Shangazi yako


20 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Milele amina, nimeitikia kwa sauti na mteja mmoja amenitazama. Nisamehe kwa kuchelewa. Shule zimefunguliwa na chumba changu kimejaa sare mpaka pa kukanyaga hakuna. Nashona kola hata katika ndoto. Mkanda wa cherehani umekatika mara mbili. Hongera kwa mapacha.

Baba yupo. Ana kikohozi kidogo tu cha vumbi. Anakusalimu. Usicheke.

Nilijaribu ile njia ya kubana na kulegeza. Nilimwambia kwa upole kwamba nimesikia kanisa la nyumbani linafanyiwa ukarabati. Alikuwa amekaa karibu na dirisha. Aligeuza kiti kikatazama ukuta, na akakaa hivyo mpaka chakula. Nilipomwita kula alisema hana njaa, kisha akala.

Shangazi, kuna kitu sijawahi kukwambia. Baba amejenga nusu ya mtaa huu. Nyumba zake ukizitazama utazijua, kuta zimenyooka kama zimepigwa pasi. Lakini hakuna tao hata moja. Milango yote na madirisha yote yana vichwa vilivyonyooka. Nikiwa bado binti mdogo, mwenye nyumba mmoja alitaka madirisha ya mviringo kwa juu, na baba akakusanya vifaa vyake akaacha kazi nzuri katikati. Tulikula kwa shida mwezi ule. Mama, Mungu amrehemu, alimuuliza sababu na hakujibiwa. Na mimi mpaka leo sijui aliondoka kijijini kwa nini. Najua tu kwamba hata Bibi alipofariki hakwenda, na kwamba siku ile alishinda akichanganya saruji ambayo hakuna aliyeihitaji.

Kuja hawezi kwa sasa, ana kazi nyingi. Waambie wafanye wanavyoona. Ni mbao tu, Shangazi.

Mwanao


8 Machi

Mwanangu,

Nimepata barua yako na nimeisoma nikiwa nimesimama, kwa hasira. Nikakaa, nikaisoma tena, hasira ikabaki palepale. Salamu zako nimezipokea. Goti ni vilevile. Pacha mmoja amekufa.

"Ni mbao tu." Haya. Kwa kuwa baba yako ameamua kuwa bubu, nitakuambia mimi.

Mafundi wa huku wana desturi yao. Siku kiunzi kinapotolewa, aliyejenga tao anasimama chini yake. Si maneno, si karatasi. Anasimama, watu wanamwona, mbao zinatoka. Tao likishuka, linashuka naye. Baba yako alijenga tao lile likiwa pana na bapa kuliko yote yaliyowahi kuonekana huku, maana alitaka hata mtu wa benchi la mwisho aione altare yote. Watu walikuwa wakija kulitazama na kutikisa vichwa. Wakasema kijana huyu, Timazi, maana ndilo jina walilompa kwa vile hakuacha timazi yake ya kupimia kuta hata akienda kunywa uji, wakasema Timazi anajitafutia kaburi.

Mama yetu aliyasikia hayo kila siku kisimani. Jumapili ya kutangazwa siku ya kutoa kiunzi, misa ilipokwisha, mama alitoka kwenye benchi lake akaenda kupiga magoti mbele ya padre wa wakati ule, watu wote wakiwa bado ndani. Akamwomba mbao zisitolewe. Alisema, na mimi nilikuwa nyuma yake, "Padre, litaanguka. Litamuua mwanangu."

Padre yule alikuwa mzee mwenye huruma. Akamwinua, akasema basi, tuziache zikauke vizuri. Baba yako alikuwa amesimama mlangoni. Mama yake mwenyewe amesema mbele ya kanisa zima kwamba kazi yake itaanguka. Hakugomba. Alikwenda nyumbani, akachukua mwiko, timazi na kiroba, akaacha hata shati lake la kazi kwenye kamba, akaenda. Baada ya hapo hakuna aliyethubutu kuzigusa zile mbao. Padre yule akafa, akaja mwingine, naye akafikiri ni pambo.

Mama alizeeka chini ya tao lile. Kila mwaka kabla ya Pasaka, wanawake tulipokuwa tunapaka chokaa, sehemu ya juu hakumwachia mtu. Alipanda ngazi mwenyewe mpaka miguu ilipomkatalia. Kuna ufa unatusumbua pale, kati ya mbao na matofali, chokaa yote inazama humo. Yeye alikuwa akiuziba kwa matambara kwanza ndipo anapaka juu. Tangu afariki naziba mimi, na goti hili, na hakuna hata anayesema ahsante.

Kwa hiyo usiniambie ni mbao tu. Wakilivunja, watu watasema mama alisema kweli, litaingia kwenye masimulizi hivyo, na mdogo wangu atakuwa fundi wa tao lililovunjwa. Mimi nimechoka kumtetea peke yangu. Mlete.

Shangazi yako


30 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Leo sitaleta habari za nyumbani, utanisamehe.

Barua yako niliiacha juu ya meza ya kukatia nguo, nikatoka kwenda kununua vifungo. Niliporudi baba alikuwa ameishika. Miwani yangu usoni pake. Nilidhani ataichana. Nikaanza kujitetea, kwamba si mimi, ni Shangazi ndiye ameandika, na yeye akainua mkono ninyamaze. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja, akauliza:

"Ufa gani?"

Sikuelewa. Akausoma kwa sauti, ule mstari wa matambara na chokaa. Akauliza tena ni ufa gani, uko kati ya nini na nini, upana wake je, ni wa upande mmoja au unaenda tao zima. Shangazi, sijawahi kumwona akiuliza maswali mengi hivyo hata kwa mwaka mzima. Kisha akakaa kwenye marobota ya kitambaa, akavua miwani, akalia. Sikujua la kufanya. Nilimshika bega tu.

Baadaye akanieleza, na nakuandikia kama alivyosema. Kiunzi kinachobeba tao kimegusana nalo. Hakiwezi kuwa na ufa. Kama kuna ufa kati ya mbao na matofali, basi mbao hazibebi kitu, tao linajibeba lenyewe. Anasema mbao alizotumia zilikuwa hazijakauka sawasawa, na ubao mbichi ukikauka hunywea na kushuka. Anasema miaka yote hii hakuwahi kujua. Alidhani nyinyi mnajua kama lingesimama au la, mnamcheka, na yeye ndiye asiyejua. Mnapanda ngazi kila Pasaka, anasema, mnaweka matambara ndani ya jibu lenyewe.

Lakini hataki kufurahi bado. Anasema ufa unaweza kuwepo chini, kisha kule juu katikati mbao zikawa bado zimegusa, na hapo ndipo uzito wote ulipo. Kwa hiyo anataka ufanye hivi. Toa matambara yote. Kisha pitisha uzi ndani ya ufa kutoka upande wa waumini mpaka upande wa altare, mtu mmoja ashike ncha moja na mwingine ashike ya pili, mwanzie mguuni mwa tao mkiuvuta kupanda juu na kushuka upande wa pili. Ukipita wote bila kukwama, mbao hazigusi popote.

Nimeweka uzi wa kushonea maturubai ndani ya bahasha hii. Haukatiki. Ameuchagua yeye mwenyewe, amevuta kila kibiringo cha uzi nilicho nacho mpaka akaupata.

Mwanao


21 Aprili

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako ilikaa wiki nzima kwa karani wa posta kwa sababu mvua imekula barabara na basi halikupita. Pacha aliyebaki ananenepa. Jirani anakusalimu, amejua kila kitu, usiniulize kajuaje.

Nilipofika pale ulipoandika "mnaweka matambara ndani ya jibu lenyewe", nilishuka kitini nikakaa chini. Mimi. Kwa mikono yangu hii, kila mwaka, nikinung'unika kwamba ufa unamaliza chokaa. Na mama kabla yangu. Tungekuwa na akili hata ya kuku mmoja kati yetu, baba yako angekuwa nyumbani siku nyingi.

Nilimchukua seremala wa kigango na ngazi mbili. Padre akazishika ngazi, na kwa viatu vyake vile vikubwa hazikutikisika. Tulitoa matambara kwa ncha ya kisu, yamekauka na chokaa, yanatoka vipande kama maganda. Ndoo ilijaa. Kuna vya mapazia ya zamani ya sakristia, kuna vya magunia, kuna gauni langu la ujana ambalo nilisema limeibiwa nikamgombeza jirani kwa ajili yake. Sijamwambia.

Kisha uzi. Seremala upande wa altare, mimi upande wa waumini. Tukaanza mguu wa kushoto. Ukapanda vizuri kabisa, unateleza, nikaanza kusali kimoyomoyo. Ulipokaribia juu katikati, ukakwama. Tukaurudisha chini, tukauanzisha mguu wa kulia. Ukapanda, ukakwama palepale. Nikapeleka kisu. Kuna kitu kigumu kama jiwe, kimejaa pale juu kabisa, cheupe chote kwa chokaa. Seremala anasema ni ubao umegusa tofali.

Kwa hiyo sijui, mwanangu. Pembeni kote ni wazi, na pale baba yako anapopaogopa pameziba. Mwambie ukweli huo, usiupunguze. Na mwambie aje alione kwa macho yake, maana mimi si fundi, na Juni mosi padre ameita watu wa nyundo. Amenivumilia sana, siwezi kumwomba zaidi.

Kwa nini haji? Ameshajua hatukuwa tunamcheka. Mbona haji?

Shangazi yako


9 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nakuomba ukae kabla hujaendelea.

Baba hana kazi nyingi. Hana kazi tangu mwaka jana. Kikohozi si kidogo. Daktari anasema vumbi la mawe na saruji limejaa mapafuni mwake na halitoki. Tangu Februari hatembei zaidi ya kutoka kitandani mpaka dirishani, na sasa dirishani nampeleka mimi. Tangu wakati huo nimehamishia kitanda chake chumba cha kushonea, anasema mlio wa cherehani unamsaidia kupumua kwa mpango. Alinikataza kukwambia. Alisema, dada yangu akijua atapanda basi na goti lile, afie njiani. Nimekubali kudanganya kila barua na kila barua nimejuta. Nisamehe.

Nilimsomea habari ya uzi bila kupunguza. Kisha akasema pale juu ndipo panapoamua, na kama pamegusa, basi mwache padre alivunje. Aligeukia ukutani. Nikafikiri yamekwisha.

Asubuhi aliniamsha kwa kugonga ubao wa kitanda. Anasema wasivunje kabla hawajajaribu. Seremala atazikuta kabari chini ya kila nguzo ya kiunzi, vipande vya mbao vilivyochongwa vyembamba upande mmoja. Azilegeze kidogo kidogo kwa zamu, kushoto kisha kulia, asizigonge kwa hasira. Kiunzi kikishuka upana wa kidole, waache, wasiguse kitu mpaka kesho yake. Wasikilize. Tao linalotaka kuanguka husema kwanza, linamwaga mchanga. Lisipomwaga, watoe mbao zote.

Na jambo la mwisho amenishika mkono mpaka nikaumia. Anasema asisimame mtu chini. Desturi ni ya aliyejenga, na aliyejenga hayupo, basi. Wewe hasa, Shangazi. Anakujua. Amesema niandike maneno yake haya bila kuyapamba:

"Mwambie dada asithubutu. Na mwambie kuhusu mama. Sikumkasirikia kwa sababu aliogopa. Nilimkasirikia kwa sababu na mimi nilikuwa naogopa, na yeye ndiye aliyenijua."

Hajawahi kuniambia maneno marefu hivyo. Tunasubiri barua yako. Kila nikisikia baiskeli nje, ananitazama.

Mwanao


4 Juni

Shangazi yangu,

Hujajibu, na najua ni mvua, ni basi, si wewe. Naandika hivyohivyo.

Baba ametutoka Jumapili tarehe mbili, mchana. Tumemzika jana. Mafundi wa mtaa walikuja wengi, na saruji mikononi, wametoka kazini moja kwa moja. Walijenga kaburi wenyewe na walibishana kuhusu kunyoosha ukingo mpaka mmoja akaenda nyumbani kwetu kuchukua timazi ya baba. Nilicheka pale makaburini, Shangazi. Watu wakadhani ni kilio.

Kuna jambo linanila, na hapa sina wa kumwambia.

Wiki nzima ya mwisho alikuwa akihesabu kuelekea Juni mosi. Jumamosi alikataa kulala, alisema leo wanalegeza, au wameshatoa. Jumapili asubuhi sauti yake ilikuwa imeisha. Akaniita kwa kidole. Nikainama. Akaniuliza, "Limesimama?"

Nilikuwa sina barua yoyote. Sikuwa najua kitu. Pengine padre hata hakusubiri, pengine mlishalivunja, pengine limeanguka. Nilichukua karatasi mezani, ilikuwa vipimo vya suti ya mteja, nikaikunjua mbele yake. Nikamwambia, "Limesimama, baba. Barua imefika."

Akafumba macho. Akanikamata kidole, akakilegeza, akakikamata tena. Hakukiachia tena mpaka saa ile.

Nilimdanganya baba yangu akifa. Nimeshona tangu jana bila kujua nashona nini. Watu wananiambia alikwenda kwa amani, na mimi naona amani yake niliitoa kwenye vipimo vya suti. Nakuomba uniandikie. Hata kama limeanguka, niandikie. Nataka kujua nimemzika na neno la kweli au la uongo.

Mwanao


5 Juni

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo, na leo itikia kwa sauti, wewe na baba yako, hata kama nyumba imejaa wateja.

Barua yako ya Mei imenifikia mwishoni mwa mwezi, imelowa, maneno mengine nimeyasoma kwa kukisia. Nimelia nilichokuwa nacho cha kulia. Halafu nimekukasirikia kidogo, halafu nimeacha. Nikajiambia, Timazi hawezi kuja kwenye tao, basi tao ndilo litamfuata. Naandika leo kwa sababu basi limepita leo.

Tulifuata maneno yake yote. Ijumaa seremala alilegeza kabari, kushoto, kulia, kwa upole kama anamvisha mtoto viatu. Kiunzi kikashuka upana wa kidole. Tukatandika shuka jeupe la altare chini ili tuone kama litamwaga mchanga. Jumamosi tarehe mosi asubuhi nilifungua mlango mwenyewe. Shuka lilikuwa safi. Palikuwa na popo mmoja amekufa, basi.

Sasa mwambie asinigombeze. Maneno yake yote nimeyafuata isipokuwa moja. Watu walikuwa wamejaa mpaka nje, wengine walikuja kuona tao na wengine walikuja kuona likianguka. Padre akaamuru wote warudi nyuma ya benchi la tatu. Mimi nikaenda mbele. Padre akaniita, nikajifanya goti limegoma, siwezi kurudi. Nikasimama pale pale mama alipopigia magoti. Niliogopa, mwanangu, sitasema uongo. Nilitetemeka mpaka funguo za kanisa zikawa zinalia mfukoni, watu wote wanasikia. Lakini mtu wa damu yake alipaswa kusimama pale, na nilikuwa mimi peke yangu.

Wakatoa mbao. Nyingine zilivunjika mikononi mwao, ni unga mtupu ndani, mchwa walikula wakaacha chokaa tu ya nje. Tao halikupumua hata kidogo. Mbao zilipotoka zote nikatazama juu, na kwa mara ya kwanza tangu lijengwe nililiona jinsi mdogo wangu alivyotaka lionekane. Ni bapa kweli, limetanda kama mkono wa mtu anayekukaribisha ndani. Mzee mmoja wa benchi la mwisho alisimama akasema anaiona altare yote. Padre alifuta miwani yake mara nyingi sana. Ile boriti ya zege haitakuja.

Na kile kitu kigumu pale juu hakikuwa ubao. Seremala alikibandua, kikaanguka karibu na mguu wangu, nikakiokota nikakiloweka kwenye maji mpaka chokaa ikayeyuka. Ni kitambaa. Ni tambara la kwanza kabisa, lililowekwa kabla ya mengine yote, likakaa ndani likageuka jiwe. Nilipolikunjua nilikuta kola na tundu la kifungo. Ni shati la kazi la baba yako, la bluu, lile aliloliacha kwenye kamba.

Mama alilichana Pasaka ya kwanza baada ya yeye kuondoka. Maana yake ufa ulikuwepo mwaka ule ule. Tao lilikuwa limeshasimama peke yake, na mama akapanda ngazi akaziba ufa kwa shati la mwanawe. Hakuwa fundi, maskini. Aliona mahali panavuja akapaziba, kama alivyokuwa akiziba kila kitu nyumbani.

Nimekata kipande cha kola nikakiweka humu ndani. Wewe unajua vitambaa, utaona ni uzi mzuri, bado una rangi. Mpe akishike mkononi. Msomee barua yote kwa sauti, hata pale nilipoandika nimeogopa. Na usinijibu eti anakusalimu. Safari hii aandike mwenyewe, hata mstari mmoja, mimi nitasubiri.

Dada yake